Kijana na Enaji: Hatari za Kweli na Uvumi wa Mtaani

Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo mtaani huitwa enaji tu, ni vinywaji baridi vyenye kafeini nyingi kuliko soda, pamoja na sukari au vitamu mbadala, asidi, taurini na vitamini za kundi B. Historia yake ya kibiashara si ndefu. Thailand kulikuwa na kinywaji kiitwacho Krating Daeng, kipenzi cha madereva wa malori na vibarua. Mfanyabiashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikipenda, akakirekebisha kilingane na ladha ya kwao, na mwaka 1987 akakiingiza sokoni kwa jina la Red Bull. Kinywaji kilichokusudiwa kumweka macho dereva wa masafa marefu leo kinanywewa na mtoto wa kidato cha pili kwenye mapumziko ya saa nne asubuhi.

Afrika Mashariki vinywaji hivi viliingia kama bidhaa ya supamaketi, baa na vituo vya mafuta. Hali imebadilika. Viwanda vya humu humu vinatengeneza enaji za chupa ya plastiki, Azam Energy na Mo Xtra zikiwa mfano kwa Tanzania, na zinakaa kwenye friji moja na maji na soda kwa bei inayokaribiana na ya soda. Mwanafunzi anazikuta dukani, stendi, kwenye banda la chipsi na kwenye ndoo ya barafu ya mchuuzi anayekimbizana na mabasi. Hakuna anayemuuliza umri. Mara nyingi chupa yenyewe ina maandishi madogo yanayosema haifai kwa watoto wala wajawazito, lakini maandishi hayo huwa upande wa nyuma, karibu na tarehe ya kuisha muda, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Uvumi na gharama yake

Vijana wengi wakiulizwa kama enaji ina madhara hujibu kuwa inayo. Ugumu unaanza kwenye swali la pili: madhara gani? Hapo ndipo hutolewa hadithi. Mmoja atasema chupa moja inaua figo. Mwingine atasema inamaliza uwezo wa kuzaa. Wa tatu ataapa kuwa taurini hutolewa kwenye mbegu za fahali, na amesikia kwa mtu anayefanya kazi kiwandani.

Taurini iligunduliwa mwaka 1827 ndani ya nyongo ya ng'ombe, na uvumi wa fahali huenda ulianzia hapo. Lakini taurini ya kwenye chupa hutengenezwa viwandani kwa njia za kikemia, bila mnyama yeyote kuhusika. Mwili wa binadamu nao huitengeneza, na hupatikana pia kwenye nyama na samaki. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliichunguza mwaka 2009 na kuona kuwa kiasi kinachowekwa kwenye vinywaji hivi hakitii wasiwasi. Habari ya chupa moja kuua figo za mtu mwenye afya nayo haina msingi. Kilicho kweli ni kirefu na hakisisimui kukisimulia: sukari nyingi kwa miaka mingi huongeza uzito, uzito hukaribisha kisukari na shinikizo la damu, na hayo mawili ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu figo.

Kumtisha kijana kwa uvumi kuna gharama. Atakunywa chupa ya kwanza, hataona damu kwenye mkojo, na siku hiyohiyo ataweka katika kapu moja yale ya uongo na yale ya kweli. Onyo lililotiwa chumvi huishia hapo. Mzazi, mwalimu au kiongozi wa vijana anayetaka kusikilizwa anapaswa kusema kidogo, lakini kila analolisema liwe la kweli na kijana aweze kulipima mwenyewe.

Kafeini inavyofanya kazi

Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka taratibu katika ubongo wake, na kadiri inavyoongezeka ndivyo usingizi unavyomjia. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, hivyo ubongo haupati taarifa kuwa umechoka. Uchovu wenyewe hauondoki. Ni kama mdaiwa aliyezima simu: deni liko palepale na riba inapanda. Kafeini ikishapungua, adenosini iliyokuwa ikisubiri hupata nafasi kwa pamoja, na ndiyo sababu mnywaji huanguka ghafla kutoka kwenye uchangamfu hadi kwenye usingizi mzito au hasira zisizo na sababu.

Kafeini hufikia kilele katika damu kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywewa. Baada ya hapo hupungua polepole: kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake hubaki mwilini saa tano hivi baadaye. Huo ni wastani tu. Kuna watu ambao ini lao huifanyia kazi haraka na wengine polepole, na tofauti hii ni ya kurithi kwa sehemu kubwa. Marafiki wawili wanaweza kunywa chupa zinazofanana saa ileile, mmoja akalala kama kawaida na mwenzake akahesabu mabati hadi alfajiri. Kwa hiyo kauli ya "mbona fulani anakunywa na hapati shida" haimsaidii mtu kujua mwili wake.

Ukiacha uchangamfu, kafeini huharakisha mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu kwa muda, huongeza asidi tumboni na kumpeleka mtu haja ndogo mara kwa mara. Ikizidi, mikono hutetemeka, tumbo huvurugika, na huja wasiwasi ambao kijana asiyeujua huweza kudhani ana ugonjwa au amerogwa.

Kusoma lebo

Ujuzi mmoja unaoweza kumfaa kijana kuliko mahubiri kumi ni kusoma lebo na kupiga hesabu. Kwanza hutazamwa ujazo: ml 250, 300, 330 au 500. Kisha hutafutwa kafeini kwenye orodha ya viambato, ambayo mara nyingi huwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo kabisa. Baadhi ya watengenezaji huandika miligramu (mg) kwa kila ml 100, wengine huandika asilimia, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Asilimia 0.03 huonekana si kitu. Lakini asilimia 0.03 ni mg 30 katika kila ml 100, kwa hiyo chupa ya ml 300 ina mg 90. Kopo la Red Bull la ml 250 lina mg 80. Kopo la Monster la ml 500 lina mg 160. Kikombe cha chai ya rangi huwa na kati ya mg 30 na 50, na kopo la soda ya kola la ml 330 huwa na mg 35 hivi. Pakiandikwa guarana, hiyo ni mbegu ya mmea wa Amerika Kusini yenye kafeini yake yenyewe, nayo huongezea ile iliyotajwa.

Kipimo cha kulinganisha nacho kipo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria kuwa kwa watoto na vijana, kafeini isiyozidi mg 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku haileti wasiwasi wa kiafya. Kwa watu wazima ilitaja mg 400 kwa siku, na zisizidi mg 200 kwa mara moja. Msichana wa kilo 45 basi mwisho wake ni mg 135. Chupa moja ya ml 300 inambakizia mg 45, yaani kikombe kimoja cha chai. Chupa ya pili inamfikisha mg 180, na hapo ameshapita mbali. Kopo la ml 500 lenye mg 160 linampitisha peke yake. Kijana wa kilo 60 ana nafasi hadi mg 180, na tofauti hiyo ndiyo husahaulika vijana wanapokaa kijiweni: mwembamba hunywa sawa na wenzake wakubwa kwa sababu zamu ni zamu.

Kiwango hicho ni ukomo. Si lengo la kufikiwa kila siku, na wapo wataalamu wenye msimamo mkali zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2011 kuwa vinywaji hivi havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana. Ushauri huo ndio rahisi kuufuata nyumbani: chini ya miaka 18, enaji isiwe kinywaji cha kawaida. Hesabu ya lebo inamfaa yule ambaye tayari anakunywa.

Sukari na meno hayahitaji maelezo marefu. Enaji ya kawaida ina gramu 11 hivi za sukari kwa ml 100, hivyo chupa ya ml 300 ina gramu 33, sawa na vijiko vidogo vinane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Chupa moja imeshakipita kiasi hicho. Enaji isiyo na sukari hupunguza tatizo hilo, ila kafeini hubaki ileile, na asidi pia. Asidi hulainisha tabaka la nje la jino, ambalo likishalika halioti tena. Anayekunywa ni afadhali amalize kwa muda mfupi kuliko kuonja kidogo kidogo mchana kutwa, asukutue kwa maji, na asipige mswaki papo hapo. Asubiri walau nusu saa.

Usingizi wa mtahiniwa

Madhara yanayomgusa kijana mara nyingi zaidi hayako hospitalini. Yako kitandani. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku. Na umri wa balehe una kawaida yake: saa ya mwili husogea mbele, kijana akawa hasikii usingizi mapema kama alivyokuwa utotoni. Shule nayo haimsubiri. Katika shule nyingi za bweni kengele hulia saa kumi na moja alfajiri, na wapo wanaoamka kabla yake ili wawahi bafuni.

Mfano wa usiku mmoja wa Novemba, wakati wa mitihani ya kidato cha nne, unaonyesha mambo yanavyokwenda. Prepo imekwisha. Saa nne usiku mtahiniwa anafungua chupa ya ml 300 ili apige msuli. Saa tano kafeini iko kwenye kilele, na kweli anasoma; kurasa zinakwenda. Saa saba anaona bado yuko vizuri na anaongeza mada nyingine. Saa nane anajitupa kitandani. Saa tisa usiku, saa tano baada ya kunywa, bado ana mg 45 hivi mwilini, kana kwamba amemaliza kikombe cha chai sasa hivi. Usingizi unaokuja ni mwepesi, na ile sehemu yake nzito, ambayo mwili huitegemea kujikarabati, hupungua. Saa kumi na moja anaamka. Amelala saa tatu zisizotosha, na atakaa mbele ya karatasi ya hesabu akiwa na kichwa kizito. Atakachofanya ni kutafuta chupa nyingine.

Hasara kubwa haiko kwenye uchovu wa asubuhi tu. Ubongo hutumia usingizi kupanga na kuimarisha kilichosomwa mchana. Anayesoma saa nne za ziada kwa kukata usingizi wa saa nne anapoteza sehemu ya alichosoma usiku huo, na ya alichosoma mchana wake. Kwa hiyo hoja ya kumshawishi mtahiniwa haifai kuanzia kwenye moyo wala figo, ambavyo yeye anaviona viko mbali. Ianzie kwenye alama.

Utafiti wa mwaka 2013 uliwapa watu wazima mg 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala, na bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kutokana na hilo, kanuni nyepesi kwa kijana ni kutogusa kafeini baada ya saa nane mchana, iwe ya chupa, ya kahawa au ya vidonge. Usingizi ukimbana wakati wa kujisomea, njia zinazofaa ni za kawaida mno: kunawa uso, kusimama na kutembea hatua chache, kumfundisha mwenzake mada ileile kwa sauti, au kusinzia dakika 20 huku rafiki akiwa na kazi ya kumwamsha. Asubuhi ya mtihani si siku ya kujaribu enaji kwa mara ya kwanza. Mikono inaweza kutetemeka, na katikati ya insha akalazimika kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Moyo, mpira na jua

Kijana mwenye afya akinywa chupa moja, mapigo yataongezeka kisha yatatulia. Ndivyo ilivyo mara nyingi, na hakuna haja ya kusema vinginevyo. Hatari ipo kwenye kiasi kikubwa kwa muda mfupi, na kwa wale ambao moyo wao una kasoro wasiyoijua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, watu wazima 34 wenye afya, wa miaka 18 hadi 40, walikunywa karibu lita moja ya enaji ndani ya saa moja. Vipimo vilionyesha kuwa mwenendo wa umeme wa moyo ulibadilika na shinikizo la damu lilipanda, na mabadiliko hayo yalionekana hata saa kadhaa baadaye. Marekani pia ilikadiria mara ambazo wagonjwa walifika idara za dharura kwa sababu zinazohusiana na vinywaji hivi: mwaka 2007 zilikuwa 10,068, mwaka 2011 zilifika 20,783.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatizimu, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri utotoni, bado unawapata watoto na vijana wengi. Unaharibu vali za moyo kimyakimya. Kijana anaweza kucheza mpira miaka kadhaa bila kujua. Dalili zake ni kama kuishiwa pumzi kuliko wenzake, kuchoka upesi, au moyo kudunda ovyo. Mwenye dalili hizi, au ambaye nduguye alifariki ghafla akiwa kijana, asiguse enaji kabla ya kuonwa na daktari.

Kwenye mechi za ndondo, yaani mpira wa mtaani, enaji hugawiwa kama maji. Hapa pana mkanganyiko unaofaa kuondolewa: kinywaji cha wanamichezo kina maji, chumvi na sukari kiasi, kwa ajili ya kurudisha kilichotoka kwa jasho. Enaji ina kafeini, na sukari yake ni nyingi mno kwa mtu aliyekaukiwa maji. Mchezaji anayekunywa kabla ya kukimbia saa moja na nusu kwenye jua la saa tisa anaharakisha moyo ambao tayari unakwenda mbio, tena huku hasikii uchovu ambao ungemwambia apumzike. Maji yanatosha kwa mechi nyingi, na chungwa au ndizi wakati wa mapumziko.

Michanganyiko

Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni wa enaji na pombe kali. Pombe humfanya mtu asinzie, na kusinzia huko ndiko humlazimisha aache. Kafeini huondoa usingizi ila haipunguzi pombe iliyomo kwenye damu hata tone, hivyo kijana hujiona mzima, huongeza glasi, kisha hupanda pikipiki. Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji wanne waliokuwa wakiuza pombe iliyokwisha kuchanganywa na kafeini, na bidhaa hizo zikaondoka sokoni. Vijana wa Afrika Mashariki huchanganya wenyewe mezani, kwa hiyo hakuna kiwanda cha kuonywa.

Miraa, au mirungi kama inavyoitwa Tanzania ambako imepigwa marufuku, nayo ni kichangamshi. Kuitafuna huku mtu akishushia enaji ni kuongeza petroli kwenye moto uleule: moyo, shinikizo la damu na kukosa usingizi, vyote kwa pamoja.

Mchanganyiko usiosemwa sana ni wa dawa za hospitali. Siprofloksasini, ambayo huandikwa mara kwa mara kwa taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo, huzuia ini kuondoa kafeini. Chupa aliyoizoea mgonjwa humkaa mwilini muda mrefu zaidi na kumletea mapigo ya moyo na kukosa usingizi, akadhani ni taifodi imezidi. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huchelewesha kuondoka kwa kafeini. Mwenye pumu anayetumia teofilini anameza dawa ya ukoo mmoja na kafeini, kwa hiyo madhara hujumlishana. Anayepewa dawa dirishani amuulize mfamasia swali moja tu: inapatana na enaji?

Mara chache tatizo huwa ndani ya chupa yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2018 kinywaji kimoja cha aina hii kilichotengenezwa Zambia kiligunduliwa kuwa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, baada ya mnywaji wa Uganda kulalamika. Chupa isiyo na jina la kiwanda, alama ya ubora ya mamlaka ya nchi husika na orodha ya viambato inayosomeka ni ya kuachwa dukani.

Nyumbani na shuleni

Nchi kadhaa zimechagua njia ya sheria. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 kinywaji chenye kafeini zaidi ya mg 150 kwa lita lazima kiandikwe wazi kuwa kina kafeini nyingi na hakipendekezwi kwa watoto na wajawazito. Hatua hizo ni nzuri, lakini familia na shule hazina sababu ya kusubiri bunge.

Shule nyingi hukabili enaji kwa kupekua matranka. Upekuzi hupata chupa, haupati sababu. Shule inayowaamsha wanafunzi saa kumi usiku na kuwalaza saa sita imetengeneza soko la enaji kwa ratiba yake yenyewe, na mwalimu wa zamu atapekua hadi astaafu. Kinachofaa ni kurudisha saa za kulala kwanza, kisha kuondoa enaji kwenye duka la shule na kuzungumza na wenye maduka ya jirani. Wengi wao ni wazazi pia.

Somo lenyewe linaweza kufundishwa kwa vipindi viwili bila gharama. Wanafunzi huleta chupa tupu walizookota, husoma lebo, hugeuza asilimia kuwa miligramu, kisha kila mmoja hukokotoa ukomo wake kwa uzito wake. Anayegundua kwa kalamu yake kwamba chupa ya jana ilimpitisha hahitaji tena kuhubiriwa. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuongeza kipimo cha mapigo ya moyo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kwa dakika nzima, ili kila mmoja ajue idadi yake akiwa ametulia.

Mzazi naye aanze na maswali: unakunywa saa ngapi, ngapi kwa siku, na unapoikosa unajisikiaje? Jibu la swali la tatu ndilo linaloonyesha kama mwili umeshazoea. Kijana anayekunywa kila siku akiacha ghafla huweza kupata kile ambacho mtaani huitwa arosto: kichwa kuuma, uchovu, hasira, kushindwa kutulia darasani. Hali hiyo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya chupa ya mwisho na huisha ndani ya siku mbili hadi tisa. Kuijua mapema husaidia, kwa sababu wengi hurudia kunywa wakidhani maumivu ya kichwa ni ushahidi kwamba wanaihitaji. Aliyezoea chupa mbili apunguze nusu chupa kila baada ya siku mbili au tatu, aanze na ile ya jioni, na mahali pake aweke maji baridi. Mara nyingi kinachotakiwa kwenye joto la mchana ni ubaridi tu. Kunywa chai asubuhi wakati wa kupunguza hakuna ubaya, ilimradi ihesabiwe.

Dalili zifuatazo hazisubiri ushauri wa nyumbani: maumivu ya kifua, moyo kudunda bila mpangilio na bila kutulia, kuzimia hasa wakati wa mazoezi, degedege, kuchanganyikiwa, au kutapika mfululizo. Aliyezipata alazwe ubavu ikiwa hana fahamu, asipewe maziwa wala maji ya chumvi, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Anayemsindikiza abebe chupa yenyewe, au apige picha ya lebo, na amwambie mhudumu ni ngapi zilizonywewa, saa ngapi, na zilichanganywa na nini.